Kichakataji na Jamaa Zake: Historia Fupi ya Vitu na Majina

Mtunzi wa istilahi hana budi kukijua kitu kabla ya kukipa jina. Kanuni hii ni nyepesi kuitamka, nzito kuitekeleza. Na huzidi uzito katika uwanja wa kompyuta, ambamo kitu hubadilika umbo ilhali wino wa jina lake haujakauka. Katika makala hii twakusudia kueleza kwa ufupi historia ya kichakataji cha kompyuta ya mezani pamoja na vifaa vinavyokihudumia, kuanzia mwaka 1971 hadi siku hizi, kisha tuonyeshe jinsi historia hiyo inavyoweza kumwongoza mfasiri, mwalimu na mtumishi wa Serikali.

Shauri hili si la wanazuoni peke yao. Tuliwahi kuletewa waraka wa zabuni uliotafsiriwa katika ofisi moja. Humo kichakataji, soketi, ubao mama na seti ya chipu, vyote vinne viliitwa "mtambo". Mwenye duka alileta vichakataji vya kizazi kilichotajwa, vipya kabisa. Lakini vilikataa kuingia katika mbao zilizokuwamo ofisini. Hakuna aliyedanganya wala aliyeiba. Kilichokosekana ni majina manne, na fedha za umma zikalala kabatini.

Kuzaliwa kwa kichakataji

Kichakataji cha kwanza kuuzwa katika chipu moja kilitokana na haja ndogo. Kampuni ya Busicom ya Japani ilitaka kutengeneza kikokotoo, ikaiendea kampuni changa ya Intel huko Marekani kutaka iundiwe chipu maalumu. Ted Hoff alishauri kwamba badala ya kuunda chipu nyingi, kila moja ikiwa na kazi yake tu, ingefaa iundwe moja yenye kufuata maagizo, ili kazi ibadilishwe kwa kubadili programu. Stanley Mazor alisaidia katika mpango huo, Federico Faggin akasimamia uundaji wenyewe, na Masatoshi Shima wa Busicom akashiriki kwa upande wa mteja. Novemba 1971 chipu hiyo, 4004, ilitangazwa sokoni. Ilikuwa na transista zipatazo 2,300, na ilishughulikia biti 4 kwa mara moja.

Jambo ambalo husahauliwa na wengi ni kwamba 4004 haikuzaliwa peke yake. Ilikuwa mmoja wa ndugu wanne: 4001 ilihifadhi maagizo ya kudumu, 4002 ilihifadhi data za kupita, 4003 ilisaidia kuingiza na kutoa data, nayo 4004 ilichakata. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza kichakataji kilikuwa na jamaa zake, na bila hao kisingeweza kufanya lolote. Mfasiri akilikumbuka hili hataita kompyuta nzima kwa jina la kichakataji, wala kichakataji kwa jina la kompyuta nzima.

Jamaa waliochagua mkubwa wao

Mwaka 1978 Intel ilitoa 8086, iliyokuwa na transista zipatazo 29,000 na kufanya kazi kwa biti 16. Mwaka uliofuata ilitoa ndugu yake, 8088. Ndani, 8088 ilifanya kazi kwa biti 16 kama mwenzake. Lakini nje, katika kuzungumza na vifaa vingine, ilipitisha biti 8 tu kwa mara moja. Kwa mtazamo wa haraka huo ulikuwa upungufu. Kwa hakika ndio uliokuwa bahati yake, kwani vifaa vya kuhudumia biti 8 vilikuwa rahisi kwa bei na vimezagaa sokoni. IBM ilipotoa kompyuta yake ya binafsi Agosti 1981, ilitumia 8088. Hivyo twaweza kusema kuwa jamaa walishiriki kumchagua mkubwa wao. Kwa kuwa kampuni nyingine ziliiga kompyuta hiyo, ukoo huo mmoja wa vichakataji ukawa kipimo cha kompyuta za mezani duniani hata leo.

Mwaka 1985 ilikuja 80386, ya biti 32, yenye transista zipatazo 275,000. Mwaka 1989 ikafuata 80486, iliyovuka transista milioni moja. Hapa ndipo ulipoanza mwendo ambao mtunzi wa istilahi apaswa kuuchungulia kwa makini: jamaa walianza kuhamia ndani ya nyumba ya mkubwa. Hapo kabla, hesabu za desimali zilifanywa na chipu ya pembeni, iliyonunuliwa mbali. Katika 80486 kazi hiyo iliingizwa ndani ya kichakataji chenyewe. Jina la chipu ya pembeni likaanza kufa. Jina la kazi yake likaendelea kuishi.

Madaraja yaliyotoweka

Ubao wa kompyuta za mwanzo ulijaa chipu nyingi ndogo ndogo. Katikati ya miaka ya 1980 kampuni iitwayo Chips and Technologies ilikusanya kazi za nyingi kati ya hizo katika chipu chache zilizouzwa pamoja. Hiyo ndiyo asili ya istilahi "seti ya chipu". Katika miaka ya 1990 seti hiyo iligawanyika aghalabu kuwa chipu mbili. Moja iliunganisha kichakataji na kumbukumbu na picha. Ya pili iliunganisha diski, kibodi na vifaa vingine vya mwendo wa polepole. Wahandisi, kwa kuwa katika mchoro ya kwanza ilichorwa juu na ya pili chini, waliziita daraja la kaskazini na daraja la kusini.

Mfasiri afanyeje na jina kama hilo? Akiandika "daraja la kaskazini" atakuwa mwaminifu kwa maneno, lakini msomaji atadhani anasoma habari za Wizara ya Ujenzi. Historia yenyewe ilitoa hukumu. Mwaka 2003 kampuni ya AMD, katika Athlon 64, iliingiza kidhibiti cha kumbukumbu ndani ya kichakataji. Intel ilifanya vivyo hivyo mwaka 2008, na mwaka 2011 iliweka hata kazi ya picha katika kipande kile kile. Daraja la kaskazini likabomolewa. Aliyelitafsiri kwa mahali pake alibaki na neno lisilo na kitu. Aliyelitafsiri kwa kazi yake, "kidhibiti cha kumbukumbu", bado ana neno zima, kwa maana kazi haikufa bali ilihama nyumba tu.

Funzo la namna hiyo twalipata pia katika umbo. Kwa miaka mingi kichakataji kilitambulikana kwa pini zake nyembamba zilizotumbukizwa katika soketi. Mwaka 2004 Intel ilianza kuuza vichakataji vya mezani visivyo na pini. Pini zilihamishiwa katika soketi, na kichakataji kikabaki na vituo bapa. AMD ilifuata kwa kompyuta zake za kawaida za mezani mwaka 2022, kwa soketi iitwayo AM5. Mwalimu aliyewafundisha wanafunzi kwamba kichakataji ni "chipu yenye pini" sasa hana budi kufuta ubao.

Kizazi kwa hesabu mbili

Neno "kizazi" nalo lina mtego. Katika vitabu vya historia, kizazi cha kwanza cha kompyuta ni kile cha vali, cha pili ni cha transista, cha tatu ni cha saketi jumuishi, na cha nne ni hiki cha vichakataji vya chipu moja. Kwa hesabu hiyo kompyuta zote tulizozitaja hapa ni za kizazi kimoja. Lakini wafanyabiashara wana hesabu yao. Vichakataji vya Core vilivyotolewa na Intel mwaka 2011 viliitwa kizazi cha pili, na vya mwishoni mwa mwaka 2021 vikaitwa kizazi cha kumi na mbili. Mfasiri asipoeleza ni hesabu ya nani, msomaji hupotea.

Na kizazi peke yake hakitoshi. Soketi ya AM4 ya AMD ilipokea vizazi kadhaa vya vichakataji. AM5 iliyofuata ilikuwa na umbo jingine na haikukubali kumbukumbu ya DDR4, bali DDR5 tu. Soketi ya Intel ya mwaka 2021 iliwezekana kuwekwa katika ubao wa DDR4 au wa DDR5, lakini vipande vya aina moja haviingii katika nafasi za aina nyingine. Basi mwandishi wa zabuni apaswa kutaja mambo matatu: kichakataji, soketi na aina ya kumbukumbu. Akikosa moja, atarudi kule tulikoanzia.

Majina yetu wenyewe

Yafaa tukumbuke kwamba vitu hivi vilitufikia vikiwa na majina yao mgongoni. Wizara ya Fedha ya Tanzania ilipata kompyuta mwaka 1965, lakini mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Hivyo vichakataji vilipokuwa vikikua kwao, kwetu hapakuwa na haja kubwa ya kuviita. Vilipoingia kwa wingi baadaye, mafundi walivipokea pamoja na maneno ya kigeni, nao hawana lawama. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili. Hata hivyo hiyo ilikuwa kazi ya kutaja amri na menyu, si ya kutaja viungo vya mashine.

Kitenzi "chakata" tulikuwa nacho tayari. Mkonge huchakatwa ili kutoa nyuzi, na samaki huchakatwa kiwandani. Data nazo zichakatwe. Twaona "kichakataji" chafaa kuliko "kichakato", kwa kuwa kiambishi cha mwisho chaonyesha mtendaji, na "kichakato" kiko karibu mno na "mchakato". "Prosesa" tusiifukuze mitaani, ila isitumike pamoja na "kichakataji" katika waraka mmoja. Ama majina ya biashara yasifanywe istilahi. Intel yenyewe iliacha tarakimu ikatoa kichakataji kwa jina la Pentium mwaka 1993 kwa kuwa tarakimu tupu hazikukubalika mahakamani kuwa mali ya kampuni moja. Jina la biashara lina mwenyewe. Istilahi ni mali ya wote.

Kwa kumalizia, twapendekeza matumizi haya:

Kichakataji: chipu inayotekeleza maagizo ya programu.
Kiini: sehemu ya kichakataji inayoweza kutekeleza maagizo peke yake, kichakataji chaweza kuwa na viini vingi.
Ubao mama: ubao unaobeba na kuunganisha kichakataji na jamaa zake.
Soketi: mahali katika ubao mama panapopokea kichakataji.
Seti ya chipu: chipu za ubao mama zinazosimamia mawasiliano ya vifaa.
Kidhibiti cha kumbukumbu: sehemu inayosimamia kuandika na kusoma kumbukumbu, popote ilipo.

Tumevifafanua kwa kazi, wala hatukutaja umbo, idadi ya pini wala jina la mtengenezaji, kwa kuwa hayo ndiyo yaliyogeuka mara nyingi zaidi tangu 1971. Wasomaji walio na mapendekezo mengine, hasa mafundi na walimu wanaotumia maneno haya kila siku, twawaomba watuandikie. Jina lisilopita kinywani mwa fundi hubaki karatasini.