Kitu kigeni katika puru

Kitu kilichokwama katika puru, sehemu ya mwisho ya utumbo mpana, ni dharura ambayo aibu huichelewesha. Wengi hufika hospitalini baada ya kujaribu kukitoa wenyewe, na baadhi husema tu kwamba tumbo linauma. Kwa hiyo faragha na maswali yasiyo na hukumu ni sehemu ya tiba.

Eksirei hutangulia kidole cha daktari, kwani kitu chenye ncha kali kinaweza kumjeruhi. Homa, tumbo gumu kama ubao au hewa chini ya kiwambo kinachotenganisha kifua na tumbo huashiria utumbo uliotoboka. Hapo mgonjwa huhitaji antibiotiki na upasuaji bila kukawia. Utumbo ukiwa salama, kwa kawaida kitu hutolewa kupitia njia ileile kiliyoingilia, misuli ikiwa imelegezwa kwa dawa. Chupa hung'ang'ania kwa mvuto wa ombwe. Mpira wa mkojo ukipitishwa kando yake hupeleka hewa nyuma yake, nayo huachia. Dawa za kuharisha hazifai kabisa.

Mwaka 2022, huko Toulon, Ufaransa, mzee mmoja alifika hospitalini na kombora la Vita Kuu ya Kwanza katika puru, ikabidi wataalamu wa mabomu waitwe.

Kitu kikishatoka, daktari huchungulia puru kwa kamera kutafuta michubuko.