Siku ya Ualbino ilianzia kwetu, isiishie kwenye fulana

Juni 13, 2025 ilitimia miaka kumi tangu dunia ianze kuadhimisha Siku ya Kimataifa ya Uelewa kuhusu Ualbino. Maadhimisho yalikuja miezi minne tu baada ya Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, kuamua kwamba Tanzania ilishindwa kuwalinda raia wake wenye ualbino. Wengi huidhani siku hii kuwa zawadi ya Umoja wa Mataifa. Ukweli ni kwamba ilianza kuadhimishwa hapa nchini, na walioianzisha ni watu wenye ualbino wenyewe.

Chama chao, ambacho leo tunakifahamu kama Chama cha Watu Wenye Ualbino Tanzania (TAS), kilianzishwa mwaka 1978. Kwa miaka mingi ofisi yake ilikuwa ndani ya eneo la Hospitali ya Ocean Road, Dar es Salaam, inakotibiwa saratani. Haikuwa ajabu, kwani saratani ya ngozi ndiyo iliyokuwa ikiwamaliza wanachama wangali vijana. Mei 4, 2006 chama hicho kikaadhimisha Siku ya Albino kwa mara ya kwanza.

Muda si mrefu likazuka balaa jingine. Kanda ya Ziwa watu wakaanza kuuawa na kukatwa viungo, kwa imani potofu kwamba viungo hivyo huleta utajiri migodini na ziwani. Mwaka 2008 mwandishi Vicky Ntetema wa BBC aliwaibua waganga waliokuwa tayari kuuza viungo hivyo, akatishiwa maisha hadi akalazimika kujificha. Mwaka huohuo Rais Jakaya Kikwete akamteua Al-Shaymaa Kwegyir, mwanamke mwenye ualbino, kuwa mbunge.

Januari 2009 jambo hili likaitikisa Serikali yenyewe. Waziri Mkuu Mizengo Pinda alikuwa ziarani Kanda ya Ziwa. Akiwa Shinyanga alitangaza kufuta leseni za waganga wa jadi. Katika ziara hiyohiyo alitamka maneno yaliyozua mtafaruku: atakayekutwa na kiungo cha albino, naye auawe palepale. Waliokuwa wamezika watoto wao walielewa uchungu wake. Wapinzani na watetezi wa haki za binadamu wakamjia juu. Inakuwaje msimamizi wa shughuli za Serikali awaambie wananchi wajichukulie sheria mkononi?

Alhamisi ya Januari 29 akasimama bungeni Dodoma kujieleza. Alisema alitamka yale kwa uchungu wa mambo aliyoyaona na kuyasikia. Kabla hajamaliza, machozi yakamtoka mbele ya Bunge zima. Wapo waliomhurumia, wapo waliosema machozi hayamwondolei mtu kosa. Wote walikuwa na hoja. Lakini tangu siku ile hakuna mwanasiasa aliyeweza kusema mauaji haya ni habari za vijijini zisizomhusu. Machi mwaka huo Serikali ikaitisha kura za siri ili wananchi wawataje washukiwa, na Septemba mahakama iliyoketi Kahama ikatoa hukumu ya kwanza ya kifo kwa wauaji.

Mwaka 2010 wananchi wa Lindi Mjini walimchagua Salum Barwany, mtu mwenye ualbino, kuwa mbunge wao. Sensa ya 2012 ikawahesabu watu wenye ualbino 16,477.

Huko Geneva, balozi wa Somalia, Yusuf Mohamed Ismail Bari-Bari, alilivalia njuga suala hili. Juni 13, 2013 Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa likapitisha azimio la kulaani mashambulizi dhidi ya watu wenye ualbino. Desemba 2014 Baraza Kuu likaichagua tarehe hiyo kuwa siku ya dunia nzima. Bari-Bari hakuishi kuiona. Aliuawa Machi 2015 katika shambulio la hoteli mjini Mogadishu. Miezi mitatu baadaye siku hiyo ikaadhimishwa kwa mara ya kwanza, na Kikwete akashiriki maadhimisho ya Arusha.

Baada ya hapo imekuwa desturi: maandamano, fulana, hotuba, mgeni rasmi. Lakini Mei 2024 mtoto mwenye ualbino asiyetimiza hata miaka mitatu akaporwa mikononi mwa mama yake wilayani Muleba, Kagera. Juni 13 ikapita akiwa bado anatafutwa. Siku nne baadaye mabaki ya mwili wake yakapatikana. Taifa lililoanza kuadhimisha tangu 2006 halina cha kujitetea hapo.

Ukumbusho wa kweli una bei, na bei hiyo inajulikana. Losheni ya kuzuia jua inatengenezwa hapahapa nchini, katika Hospitali ya KCMC, Moshi. Ifike katika kila zahanati, bure, mwaka mzima. Mtoto mwenye ualbino asiyeona mbali akalishwe dawati la mbele na apewe vitabu vya maandishi makubwa. Polisi wawasake wanunuzi wa viungo, maana anayetumwa na panga hana fedha. Mwenye fedha ni yule anayemtuma. Siku hii waliianzisha watu waliochoka kuzikana. Wanastahili kusomewa kila Juni 13 hesabu ya losheni zilizogawiwa na kesi zilizokwisha, ndipo mgeni rasmi apewe kipaza sauti.