Mfungwa wa Parole na Mpaka wa Nchi: Hoja Kutoka Nyanda za Kati

Katika mwaka 1994 Bunge la Jamhuri ya Muungano lilitunga Sheria ya Bodi za Parole, namba 25 ya mwaka huo, na kwa sheria hiyo mfungwa wa Tanzania Bara, ambaye tangu zamani alikuwa na tumaini la msamaha wa Rais na la kupunguziwa kifungo kwa mwenendo mwema, aliongezewa tumaini jingine: ya kuwa, akiisha kutumikia theluthi moja ya kifungo chake, na kifungo hicho kikiwa si pungufu ya miaka minne kama marekebisho ya mwaka 2002 yalivyoweka, na kosa lake likiwa si miongoni mwa yale ambayo sheria imeyatenga, kama vile unyang'anyi wa kutumia silaha na biashara ya dawa za kulevya, naye akiwa si mfungwa wa maisha, aweza kutoka gerezani na kuumaliza muda uliobaki akiwa uraiani, chini ya uangalizi na kwa masharti. Hakusamehewa, wala hukumu yake haikufutwa. Mahali pa kuitumikia ndipo palipobadilika, na akivunja sharti huweza kurudishwa ndani.

Sheria hiyo ilitungwa kwa kumfikiria mtu atakayerudi kwao na kukaa. Jina lake hupita katika bodi ya mkoa na kisha katika Bodi ya Taifa, hali ya jamaa na majirani watakaompokea hutazamwa, na afisa hupewa kazi ya kumwangalia katika eneo linalojulikana. Hapana lawama katika hayo, maana mwaka 1994 Jumuiya ya Afrika Mashariki haikuwako: ile ya kwanza ilikuwa imevunjika tangu 1977, na mkataba wa kuihuisha haukutiwa saini Arusha ila tarehe 30 Novemba 1999. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyowapa raia wa nchi wanachama uhuru wa kwenda na kurudi, kufanya kazi na kukaa, ilianza kutumika tarehe 1 Julai 2010, yaani miaka kumi na sita baada ya sheria ya parole. Kwa hiyo tunazo sheria mbili zilizozaliwa katika zama mbili, moja ikimtaka mtu atulie mahali na nyingine ikimwita atembee, nazo hazijapata kukalishwa pamoja zikasemezana. Makala haya yanashikilia kwamba ukimya huo una madhara, na kwamba dawa yake ni kumpa mfungwa wa parole njia iliyoandikwa ya kuomba safari ya nje, na kumpa afisa wake uwezo ulioandikwa wa kukubali au kukataa.

Msomaji wa pwani au wa Kagera aweza kushangaa kwamba hoja hii inatoka Kikuyu, katika mji wa Dodoma, mkoa usiogusa mpaka wa nchi yoyote. Lakini nyanda za kati ni njia panda. Barabara itokayo Dar es Salaam na Morogoro hupita hapa kwenda Singida, Nzega na Kahama, na huko mbele hugawanyika kuelekea Rusumo mpakani mwa Rwanda, Kabanga mpakani mwa Burundi, na Mutukula mpakani mwa Uganda. Barabara ya kaskazini hupanda Kondoa na Babati hata Arusha na Namanga. Na ile ya kusini huteremka Mtera na Iringa kuelekea Tunduma. Usiku kucha malori ya masafa marefu hupita, na riziki za watu wengi zimefungamana nayo: madereva na matingo wao, mafundi wa magurudumu, mama lishe, wachuuzi wa alizeti, zabibu na ngozi. Atokaye Isanga, gereza kuu la mji huu, aghalabu hurudi katika riziki za namna hiyo, kwa kuwa ndizo anazozijua.

Tuseme basi kwamba mtu alikuwa dereva wa semi-trela kabla ya kuhukumiwa miaka tisa, naye akatolewa kwa parole baada ya miaka mitatu na zaidi kidogo. Bodi ilipomtazama ilitaka kujua, na ilifanya vyema kutaka kujua, kama ataweza kujitegemea asirudie uovu. Leseni anayo, ufundi anao, na tajiri wake wa zamani yu radhi kumchukua. Lakini shehena ya tajiri huyo huenda Kigali. Mtu huyu hataki kuhama nchi. Ataka kufika Rusumo siku moja, kuvuka, kupakua, na kurudi. Je, amwombe nani ruhusa? Afisa anayemwangalia aweza kumruhusu kutoka wilaya hii kwenda ile, kwa kuwa huko nako yuko mwenzake wa idara ile ile atakayeipokea taarifa. Ng'ambo ya mto Kagera hana mwenzake. Afisa mwangalifu, asiye na kanuni ya kumkinga akitoa idhini na mtu asirudi, atasema hapana. Nami nisingemlaumu, kwa maana kila neno lisiloandikwa humwangukia yule wa chini kabisa katika daraja za utumishi.

Hapa yafaa tuirejee Katiba. Ibara ya 17 humpa kila raia haki ya kwenda apendako ndani ya Jamhuri ya Muungano, na haki ya kutoka nje na kuingia. Kisha ibara hiyo hiyo hukiri kwamba haki hiyo yaweza kuwekewa mipaka, mathalani kwa ajili ya kutekeleza hukumu au amri ya mahakama. Mfungwa wa parole yumo ndani ya kizuizi hicho pasipo ubishi, kwa kuwa hukumu yake ingali hai. Lakini kizuizi kinachojuzu ni kile kinachotamkwa kwa sheria, kikawa na kiasi na sababu, na kikajulikana na anayefungwa nacho. Haki iliyopunguzwa kwa sababu tu hakuna aliyeandika namna ya kuitumia imepunguzwa na uzembe, na uzembe haumo katika orodha ya sababu zinazotambuliwa na Katiba. Mahakama Kuu ya hapa Dodoma iliwahi kuonyesha jinsi neno la Katiba linavyoweza kuchukuliwa kwa uzito hata kwa mtu aliye chini kabisa machoni pa jamii: katika mwaka ule ule wa 1994, Jaji James Mwalusanya, katika shauri la Mbushuu, aliamua kwamba adhabu ya kifo inapingana na Katiba. Mahakama ya Rufani iliutengua uamuzi huo mwaka uliofuata. Hata hivyo yule jaji alikuwa amekwisha kuthibitisha kwamba mlango wa gereza hauizimi Katiba.

Twende sasa mpakani kwenyewe, tukatazame mambo yanavyofanyika. Namanga, ambako kituo cha pamoja cha huduma kilizinduliwa Desemba 2018, msafiri atokaye Arusha hasimami tena upande wa Tanzania kupigiwa muhuri wa kutoka. Hupita moja kwa moja hata jengo la upande wa Kenya, na humo, katika ukumbi mmoja, hukuta dirisha la uhamiaji wa Tanzania na dirisha la uhamiaji wa Kenya yakikaribiana. La kwanza humtoa, la pili humwingiza. Sheria ya Jumuiya ya mwaka 2016 kuhusu vituo hivi imempa ofisa wa Tanzania mamlaka ya kuzitumia sheria za kwao akiwa ameketi katika ardhi ya jirani. Ni utaratibu mwema, uliopunguza foleni na usumbufu. Lakini tafakari maana yake kwa mtu wetu: anapofika mbele ya Mtanzania mwenzake, mwenye uwezo wa kumhoji na kumzuia, miguu yake imekwisha kukanyaga Kenya. Ikiwa sharti lake ni kutotoka nchini, je, amelivunja kabla ya kuulizwa? Na ikiwa jina lake halimo katika kumbukumbu za dirisha lile, atapigiwa muhuri kama raia mwingine yeyote, na kosa litaonekana siku atakaporudi kuripoti, kurasa za pasipoti yake zikimshuhudia. Wanasheria wa Jumuiya walipoupeleka mpaka wa ukaguzi ng'ambo ya mpaka wa ardhi, waliwafikiria wenye mizigo na wenye magari. Mwenye hukumu hawakumkumbuka.

Upo pia mpaka usio na dirisha. Watu wa Longido na Kajiado, wa Horohoro na Lunga Lunga, wana jamaa pande zote mbili, na njia za panya ni nyingi kuliko vituo. Mtu aliyefiwa na mama mdogo ng'ambo, naye akajua kwamba hana wa kumwomba idhini, atapita porini usiku, azike, arudi alfajiri. Safari hiyo, ambayo kwa kibali cha siku nne ingalikuwa tendo la utu lenye kumbukumbu, yawa makosa mawili kwa mpigo: kuvunja sharti la parole na kuvunja sheria ya uhamiaji. Nasikitika kwamba utaratibu uliokusudiwa kumfunza mtu uaminifu wamsukuma kwenye uongo kwa jambo ambalo kila mmoja wetu angelifanya mchana.

Wako wanaopinga, na hoja yao haifai kupuuzwa. Husema kwamba aliyekwisha kuvuka huweza kutorudi. Kwamba aliyedhulumiwa, ambaye hakuulizwa alipotolewa mhalifu wake, ataumia mara ya pili akisikia kwamba yu matembezini Nairobi. Na kwamba parole yenyewe ni fadhila, na mwenye kupewa fadhila haongezi madai. La kwanza ni kweli, na ndiyo sababu ya kutaka kibali kwa kila safari na kwa kila mtu, badala ya ruhusa ya jumla. Mwenye mke, watoto na shamba Dodoma si sawa na asiye na chochote cha kurejea. La pili lanigusa zaidi, nami nakubali kwamba katika makosa yaliyomjeruhi mtu, mwathirika apewe habari na nafasi ya kusema kabla ya uamuzi. La tatu silikubali kabisa. Kanuni za Umoja wa Mataifa za mwaka 1990, zinazojulikana kwa jina la Tokyo, kuhusu hatua zisizo za kifungo, zinataka masharti yawe ya kutekelezeka, yawe sahihi, na yawe machache kadiri iwezekanavyo, na hakuna sharti liwezalo kuitwa sahihi ikiwa mtu hajui mwisho wake uko wapi.

Jambo la Zanzibar nalo lina utata wake. Uhamiaji ni jambo la Muungano, lakini magereza sivyo. Bara ina Jeshi lake la Magereza, na Visiwani viko Vyuo vya Mafunzo. Basi mfungwa wa parole wa Dodoma apandaye boti kwenda Unguja havuki mpaka wa nchi, na hata hivyo anatoka katika himaya ya idara inayomwangalia. Ikiwa ndani ya Jamhuri moja hapana budi idara mbili ziandikiane, si ajabu kwamba kati ya dola na dola jambo hili limeachwa likae.

Nchi nyingine zimekwisha kulishughulikia. Baraza la Ulaya lilifungua mkataba kule Strasbourg tarehe 30 Novemba 1964, unaoziwezesha nchi kusimamiana wafungwa walioachiliwa kwa masharti; na Umoja wa Ulaya ulitoa mwaka 2008 uamuzi wake wa kuyatambua masharti ya namna hiyo kutoka nchi moja hadi nyingine. Uingereza sharti la kawaida ni kutosafiri nje pasipo idhini ya msimamizi iliyotangulia: katazo lipo, na mlango wake umeandikwa pamoja nalo. Kwa upande mwingine, ulimwengu ulionyeshwa hapa hapa nchini, kule Arusha, ubaya wa kumwachilia mtu pasipo nchi ya kumpokea. Wanyarwanda wanane, waliofikishwa mbele ya mahakama ya kimataifa iliyoundwa mwaka 1994, baadhi wakiachiwa huru na baadhi wakimaliza vifungo, walikaa Arusha bila pa kwenda hata Desemba 2021 walipopelekwa Niger kwa mapatano. Mwezi huo haukuisha kabla Niger haijawaamuru waondoke. Hao hawakuwa wa parole, lakini kisa chao chafundisha kwamba ruhusa ya dola moja haifiki mbali ikiwa dola ya pili haijafungwa na neno lake.

Yanayotakiwa kwetu si makubwa. Magereza na Uhamiaji ziko chini ya wizara moja, ile ya Mambo ya Ndani ya Nchi, ambayo makao yake yako Mtumba, katika jiji hili hili. Kwa hiyo kuziunganisha daftari zao hakuhitaji mkataba na mtu yeyote. Kanuni za parole ziongezwe kifungu kinachotaja nani aombwe, kwa sababu zipi (kazi, matibabu, maziko, masomo), kwa muda gani, na jibu litolewe baada ya siku ngapi. Na kibali kiwe na tarehe ya kutoka, kituo cha kuvukia na tarehe ya kurejea, kisomeke katika dirisha la Namanga kama kinavyosomeka Dodoma. Kisha nchi wanachama wa Jumuiya, zilizokwisha kukubaliana juu ya mizani ya malori na mihuri ya pasipoti, zikubaliane kwamba afisa wa upande mmoja aweza kumwangalia kwa muda mtu wa upande wa pili.

Wabunge hukutana Dodoma kila kikao, na safari ya kutoka ukumbini kwao hata lango la Isanga ni fupi. Nawaomba walifanye jambo hili kwa marekebisho ya sheria, wasiliache mikononi mwa huruma ya afisa mmoja mmoja. Na mpaka watakapolifanya, kila mfungwa wa parole aombaye safari apewe jibu la maandishi, hata kama jibu hilo ni la kukataa, pamoja na sababu yake.