Migomba Ising'olewe

Ukikaa kijiwe chochote hapa Moshi, iwe karibu na stendi, iwe Mbuyuni au Kiboriloni, hutakosa kusikia ubishi wa simu. Mmoja anatamba kwamba simu yake imeshapata toleo ambalo wenzake watalipata baada ya miezi kadhaa. Wa pili anamkata: "Hiyo ni beta, bwana. Itakuja kukuumbua." Wa tatu anahukumu kabisa: mambo ya majaribio waachiwe mafundi, sisi raia tusubiri.

Ndugu msomaji, mimi si fundi. Sijui kuandika hata mstari mmoja wa programu. Ila historia ya mlima huu nimeisoma kidogo, na naona swali la nani aruhusiwe kujaribu kitu ambacho hakijakamilika lina umri mkubwa kuliko simu yenyewe.

Kwanza tuelewane juu ya neno. Beta ni herufi ya pili ya Kigiriki. Toleo la alfa hujaribiwa na watengenezaji wenyewe, huko huko ndani. Likishakaribia kuiva, huku bado lina kasoro, hutolewa kwa watu wa nje ili wazifichue: hiyo ndiyo beta. Apple walianza kufungulia umma beta za simu zao mwaka 2015, na Google wakafungua mpango wa beta za Android mwaka 2016. Tangu hapo, mwenye simu inayofaa hujiandikisha tu, awe profesa wa kompyuta au muuza mitumba.

Sasa tupande mlimani. Mibuni ililetwa Kilema na wamisionari Wakatoliki mwishoni mwa karne ya 19. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Wachagga wakaanza kuipanda kwa wingi, na Charles Dundas, mtawala wa Kiingereza aliyekuwa hapa Moshi, akawahimiza. Masetla wakaja juu! Hoja yao ilikuwa kwamba Mwafrika hana utaalamu wa kahawa, kwa hiyo shamba lake litakuwa kiota cha wadudu na magonjwa, na hatimaye litaambukiza mashamba yao. Nyuma ya hoja hiyo palikuwa na hofu nyingine ambayo haikusemwa kwa sauti: mtu mwenye kahawa yake hana haja ya kwenda kuwa kibarua wa setla.

Mwaka 1925 wakulima wakaunda chama chao, KNPA, Joseph Merinyo akiwa kiongozi. Chama kilitetea haki yao ya kulima kahawa, na papo hapo kikahangaikia dawa za kupambana na wadudu. Yaani walijibu kwa vitendo: kama utaalamu ndio unaotakiwa, basi tutaupata. Mwaka 1933 nafasi ya KNPA ikachukuliwa na KNCU, na waliodharauliwa kuwa si wataalamu wakawa ndio wenye kahawa iliyoijenga Moshi.

Kwa hiyo nikisikia kijana anasema "raia wa kawaida asiguse", masikio yangu husimama. Kauli hiyo tumeshaisikia mlimani hapa, na waliyoitoa hawakuwa wakituonea huruma.

Lakini tusikimbilie kushangilia. Tutazame wazee walijaribuje. Mbuni huchukua kama miaka 3 kabla ya kukupa mavuno ya maana. Miaka 3 mtu atakula nini? Jibu liko kwenye kihamba chochote kuanzia Machame hadi Rombo: kahawa ilipandwa chini ya migomba. Migomba haikung'olewa. Bei ya kahawa ilipoporomoka katika mdororo wa dunia wa miaka ya 1930, mfuko ulitoboka lakini chungu hakikukauka. Na tangu 1934 kulikuwa na kituo cha utafiti cha kahawa pale Lyamungu, ambako miche hujaribiwa kwenye viwanja vya kituo ili hasara, kama ipo, ianzie huko na si kwa mkulima.

Linganisha na waliofanya kinyume. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza iliingia Tanganyika na mpango wa kulima karanga kwenye mamilioni ya eka: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Wataalamu walizunguka nchi kwa wiki chache tu mwaka uliotangulia, sehemu kubwa kwa ndege, na jaribio dogo la maana halikufanyika. Udongo wa Kongwa ukakauka kama tofali, matrekta yakavunjika, mvua ikagoma. Mwaka 1951 mpango ulikufa ukiwa umemeza pauni zaidi ya milioni 30. Hao walikuwa mafundi watupu! Utaalamu bila kihamba cha akiba haukuwasaidia kitu.

Na simu je? Mfano tunao, tena wa jirani. Oktoba 2005, Safaricom na Vodafone wakishirikiana na Faulu, taasisi ya mikopo midogo, walianza majaribio Nairobi na Thika. Wateja hawakufika 500, na walikuwa watu wa biashara ndogo ndogo, si watu wa kompyuta. Walipewa simu, wakafundishwa, wakaambiwa: kwa njia hii mtarejesha mikopo yenu. Jamaa wakafanya yao. Wakaanza kutumiana pesa wenyewe kwa wenyewe. Wengine waliweka pesa kabla ya safari na kuzitoa walikofika, kwa kuogopa vibaka njiani. Wenye mtambo wakaona biashara halisi iko wapi. Machi 2007 M-Pesa ikazinduliwa Kenya kama njia ya kutuma pesa, na mwaka 2008 ikaingia Tanzania.

Fundi angeweza kutambua kwamba mtambo unakwama. Kutambua kwamba mtambo una kazi nyingine kubwa kuliko iliyokusudiwa, hilo lilifanywa na raia wa kawaida. Ndiyo maana nasema tusijitoe. Kasoro za simu ya laini mbili, ya simu ya Rombo inayodaka mtandao wa Kenya bila kuombwa, ya kibodi inayosahihisha Kiswahili chako kiwe Kiingereza, nani atazisema kama wajaribuji wote wako California?

Tofauti ni kwamba wale wa Thika walipewa simu ya kazi hiyo na walikuwa na mtu wa kumuuliza. Wewe una simu moja. Humo mna pesa za ada ya mdogo wako, michango ya kikoba, namba za wateja, na ile hadithi unayoiandika usiku ambayo haipo penginepo. Simu hiyo ndiyo kihamba chako. Beta ikikorofisha, programu ya benki inaweza kugoma kufunguka, na kurudi kwenye toleo la zamani kwa kawaida humaanisha kufuta kila kitu kilichomo. Kwenye simu za Apple, hata nakala uliyohifadhi ukiwa ndani ya beta huenda isirudi kwenye toleo la nyuma.

Basi jibu langu ni hili. Asiye fundi na ajaribu, ila kwa kanuni ya wazee. Awe na simu ya pili, hata kama kioo kimepasuka, au awe ameshahifadhi nakala ya vitu vyake mahali pengine kabla hajaanza. Ajue njia ya kurudi kabla ya kuingia. Na akiona kasoro aiseme kwa wenyewe, maana mwonjaji anayekaa kimya ni mlevi tu.

Wenye kampuni nao wakumbuke mila ya mbege: mwenye pombe huonja kwanza, ndipo mgeni apewe kata. Wakishaonja wao, tuleteeni. Tutakunywa na tutasema kama imechacha. Lakini migomba yetu, hatung'oi.