Nauli Ndani ya Jina: Matatu, Daladala na Bodaboda kama Kumbukumbu za Msafiri wa Kipato Kidogo

Historia ya usafiri katika Afrika Mashariki imeandikwa zaidi kutokana na majalada ya reli, bandari na kampuni za mabasi. Majalada hayo hueleza urefu wa njia, uzito wa shehena na mapato ya mwaka. Msafiri aliyehesabu senti zake kabla ya kutoka nyumbani huonekana humo kama abiria wa daraja la tatu tu, na akipanda chombo kisicho na leseni haonekani kabisa. Hata hivyo, msafiri huyo ameacha kumbukumbu yake katika majina ya vyombo alivyopanda. Makala haya yanashikilia kuwa majina matatu, yaani matatu, daladala na bodaboda, ni ushahidi wa kihistoria kuhusu gharama ya safari na kuhusu nani aliyeibeba.

Jijini Nairobi, Kenya Bus Services ilianza kazi mwaka 1934, na kwa miongo kadhaa ndiyo iliyokuwa na haki ya kusafirisha abiria mjini. Mitaa ya pembezoni ilikua kwa kasi iliyowashinda wapangaji wa njia za mabasi, hasa baada ya Uhuru. Pengo hilo lilizibwa na wenye magari makuukuu waliobeba watu bila leseni huku wakikimbizana na polisi, hadi mwaka 1973, Rais Jomo Kenyatta alipotoa tamko la kuwaruhusu kufanya kazi.

Inakubalika kwa jumla kuwa jina la magari hayo lilitokana na nauli: sarafu tatu za senti kumi. Jambo ambalo halijatiliwa maanani vya kutosha ni sarufi yake. Neno matatu ni kivumishi cha idadi kilichopoteza nomino yake. Kiambishi ma- kinadai nomino ya ngeli ya LI-YA katika wingi, na kwa hiyo hakiwezi kurejelea shilingi wala senti, ambazo zingetoa umbo tatu. Mapeni matatu yanafaa. Lakini hata mang'otore matatu ya Kikuyu yanafaa, kwa kuwa lugha hizo mbili zinapatana katika umbo hilo la upatanisho. Mjadala wa lugha ipi ilitangulia hauwezi kuamuliwa kwa sarufi peke yake, na huenda hauna faida kubwa: makanga aliyepaza sauti kituoni alikuwa akisikiwa na abiria wa lugha zote mbili kwa wakati mmoja.

Lenye uzito zaidi ni lililofuata. Leo msemaji wa Kiswahili husema matatu hii imejaa, matatu hizi zimegoma. Neno limehamia ngeli ya I-ZI, na ma- imebaki kama mfupa usio na nyama. Uhamisho huo haungewezekana wakati nauli bado ilikuwa mapeni matatu na abiria bado anayasikia mapeni hayo ndani ya neno. Kwa maneno mengine, mabadiliko ya upatanisho wa kisarufi ni alama ya kufa kwa nauli ile. Bei ilipanda, jina likabaki, na sarufi ikafuta deni.

Serikali ilirudi kwenye sekta hii kwa sheria ya mwaka 1984, kisha kwa kanuni zilizoanza kutekelezwa Februari 2004 chini ya Waziri John Michuki. Kanuni hizo zilidai mikanda ya usalama, vidhibiti mwendo na kikomo cha abiria kumi na wanne kwa gari dogo. Hakuna anayeweza kutetea msongamano uliokuwapo kabla yake. Lakini gharama ya mikanda, ya vidhibiti na ya viti vilivyopunguzwa iliingia moja kwa moja katika nauli, na wapo waliorudia kutembea kwa miguu. Usalama ulinunuliwa, na mnunuzi alikuwa yule yule wa mapeni matatu.

Dar es Salaam ina kisa kinachofanana, ingawa sarufi yake ni nyingine. Shirika la Usafiri Dar es Salaam, UDA, lilipewa jukumu la mabasi ya jiji katika miaka ya 1970, likazidiwa na uhaba wa vipuri na wa fedha za kigeni. Mwaka 1983 magari ya watu binafsi yaliruhusiwa rasmi. Nauli ilikuwa shilingi tano, na sarafu ya shilingi tano iliitwa dala, kutokana na dola, ambayo zamani ilikadiriwa kuwa na thamani hiyo. Kufikia mwaka 1983 dola ilikuwa imekwisha kuipita shilingi tano kwa mbali. Jina lilihifadhi kiwango cha fedha kilichokwisha zikwa. Uradidi wa neno nao una kazi mbili: ni mwigo wa sauti ya konda anayeita, na ni uradidi wa mgawanyo, kama katika moja moja, kwamba kila kichwa ni dala. Katika Shinyanga na sehemu nyingine za Kanda ya Ziwa jina hilo lilihamia hata kwenye baiskeli za abiria.

Mgawanyo huo wa kila kichwa ndio unaoeleza ugomvi wa miaka mingi kati ya konda na mwanafunzi. Serikali iliweka nauli ya mwanafunzi chini ya ile ya mtu mzima, lakini haikumlipa mtu tofauti. Dereva anadaiwa hesabu ya siku na mwenye gari, na kila mwanafunzi aliyeketi anapunguza hesabu hiyo. Ndiyo maana konda husimama mlangoni na kuwazuia. Wengi huliita jambo hili utovu wa adabu. Kwa haki zaidi ni ruzuku iliyotangazwa na serikali na kulipwa na konda.

Bodaboda ni jina la mahali, si la bei. Katika mpaka wa Kenya na Uganda, hasa Busia, waendesha baiskeli walivusha watu na mizigo kutoka lango moja hadi jingine, wakiita boda, boda. Gari lilihitaji hati ili kuvuka, baiskeli haikuhitaji. Kwa hiyo abiria hakulipia mwendo tu, alilipia pia kuepushwa na makaratasi. Baadaye jina lilivaa pikipiki na kusambaa hadi miji isiyo na mpaka wowote, na fununu ya hati ikapotea ndani yake kama yalivyopotea mapeni.

Tangu mwaka 2014 raia wa Kenya, Uganda na Rwanda wanaweza kuvuka mipaka ya nchi hizo kwa kitambulisho cha taifa, na Februari 2018 kituo cha pamoja cha mpakani cha Busia kilizinduliwa rasmi. Hatua ya kwanza ilimwondolea msafiri gharama ya pasipoti, ambayo katika safari fupi huweza kuzidi nauli yenyewe. Ya pili imepunguza zaidi muda wa malori. Tathmini ya hatua kama hizi hupimwa kwa saa ambazo lori limeokoa, wakati mchuuzi anayevuka kwa baiskeli akiwa na gunia moja la mahindi bado hana safu yake katika majedwali hayo.