Ukumbi wa Kusubiria Ndege: Adabu ya Kukaa na Mtu Usiyemchagua

Kiswahili kina maneno mawili yanayokaribiana sana kwa maana: kungoja na kusubiri. La kwanza ni la Kibantu. La pili lilitoka katika Kiarabu, nalo ni ndugu wa subira. Basi tunaposema "ukumbi wa kusubiria" katika kiwanja cha ndege, tumekwisha kuutaja uvumilivu kabla hatujataja kiti wala saa. Nia yetu hapa ni kueleza jambo ambalo aghalabu huhesabiwa kuwa dogo, yaani adabu ya kukaa katika ukumbi huo. Msafiri akipanga mizigo yake juu ya viti vitatu huku mama mwenye mtoto mgongoni amesimama, au akizungumza kwa simu kwa sauti inayowafikia walio mlangoni, twasema hana adabu, kisha twanyamaza. Lakini adabu hiyo ina historia yake, na sehemu iliyo kali zaidi ya historia hiyo iliamuliwa mahakamani.

Hapo mwanzo wasafiri wa anga walikuwa wachache mno. Jengo la abiria la Croydon, kusini mwa London, lilifunguliwa mwaka 1928. Ndani yake mlikuwa na saa zilizoonyesha nyakati za sehemu mbalimbali za dunia, na msafiri alipimwa uzito wake mwenyewe pamoja na mizigo yake. Mwaka 1931 shirika la Imperial Airways lilianzisha safari kutoka London hadi Mwanza, kupitia Port Bell na Kisumu. Ndege zenyewe zilitua juu ya maji ya Ziwa Viktoria. Mwanzoni abiria walichukuliwa hadi Khartoum tu, na barua ndizo zilizofika ziwani. Hata abiria walipoanza kufika, nauli hiyo haikuwa ya mvuvi wala ya mkulima. Waliosafiri walikuwa maofisa, matajiri na wafanyabiashara wakubwa, watu waliofahamiana tabia hata kabla ya kufahamiana majina. Watu wa tabaka moja hawana haja kubwa ya kuandikiana kanuni za kukaa pamoja.

Wasafiri walipoongezeka, wenye uwezo walianza kujitenga. Mwaka 1939, katika kiwanja kipya cha LaGuardia mjini New York, shirika la American Airlines lilifungua sebule yake iliyoitwa Admirals Club. Mtu hakununua nafasi ya kuingia humo, alialikwa. Shirika lilichagua wageni wake, na wageni wakapata faraja ya kujua kwamba aliyeketi karibu nao amechaguliwa kama wao. Baadaye, mashirika yalipolazimika kuacha mialiko, yaliuza uanachama kwa kila aliyeweza kulipa. Hatuwaonei kijicho wenye sebule hizo. Tunaitaja kwa sababu inaonyesha fikira moja: kwamba kusubiri kwa raha maana yake ni kusubiri pamoja na watu uliowateua.

Fikira hiyo hiyo, ilipotiwa mikononi mwa serikali za miji katika majimbo ya kusini ya Marekani, ilizaa dhuluma. Kiwanja cha taifa cha Washington kilifunguliwa mwaka 1941. Ukumbi wake wa kusubiria haukugawanywa kwa rangi, lakini mkahawa wake ulikataa kuwahudumia watu Weusi mpaka serikali kuu ilipopiga marufuku ubaguzi huo mwishoni mwa mwaka 1948. Mwaka 1955 Balozi wa India, G. L. Mehta, alitakiwa ahame meza yake katika mkahawa wa kiwanja cha Houston, Texas, akale kando. Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, John Foster Dulles, alimwomba radhi. Yafaa tulitazame jambo hilo kwa makini: balozi aliombwa radhi kwa kuwa alikuwa balozi. Raia Mweusi wa nchi hiyo hiyo, aliyetendewa vivyo hivyo kila siku, hakuna waziri aliyemwandikia. Katika kiwanja cha Atlanta msafiri Mweusi aliwekwa nyuma ya kiambaza cha kukunjwa ili wala chakula wengine wasimwone akila, hata shauri lake lilipoamuliwa mwaka 1960.

Lakini mfano unaotufaa zaidi ni wa Greenville, Carolina ya Kusini, kwa sababu huko ugomvi ulihusu kiti chenyewe cha kusubiria. Mwezi Novemba 1958 Richard Henry, mtumishi raia wa Jeshi la Anga, alikuwa ameketi akingojea ndege ya kumrudisha Michigan. Meneja wa kiwanja alimwambia aondoke, aende katika chumba cha watu Weusi. Henry alifungua mashtaka. Mwezi Oktoba 1959 Jackie Robinson, aliyekuwa mtu Mweusi wa kwanza katika karne ya 20 kucheza besiboli katika ligi kuu, alifika mjini humo kuhutubia mkutano. Yeye na wenziwe waliketi katika ukumbi mkuu, wakaamriwa kuondoka, wakakataa. Tarehe 1 Januari 1960 mamia ya watu waliandamana katika baridi kali hadi kiwanjani. Wachache waliochaguliwa waliingia ukumbini kwa utulivu, tamko likasomwa, kisha wakatoka. Kwa kipimo chochote cha tabia njema, siku ile wenye adabu walikuwa ni wao.

Jaji wa kwanza aliyeisikiliza kesi ya Henry, George Bell Timmerman, aliitupilia mbali mwaka 1959. Hoja yake, kwa ufupi, ilikuwa kwamba haki ya usawa mbele ya sheria haimpi mtu uwezo wa kuwalazimisha wengine wamkubali kuwa mwenzao. Mahakama ya Rufani iliitengua hukumu hiyo mwaka 1960, na mwezi Februari 1961 ukumbi wa Greenville ukawa wazi kwa wote. Mwaka 1962 Mahakama Kuu ya Marekani ilitoa uamuzi kama huo juu ya mkahawa wa kiwanja cha Memphis, na Sheria ya Haki za Raia ya mwaka 1964 ikalimaliza suala hilo katika maandishi.

Sisi walimu wa Kiswahili tuna la kusema juu ya hoja ya jaji yule. Ni kana kwamba alilichanganya neno "mwenzi" na neno "rafiki". Rafiki huchaguliwa. Mwenzi wa safari hachaguliwi, hukutwa. Mtu humwita "mwenzangu" yule ambaye hajui hata jina lake, kwa sababu tu wamefikwa na jambo moja: mvua moja, foleni moja, ndege moja iliyochelewa. Henry hakuomba kupendwa na abiria wa Greenville. Alitaka kukaa. Ndiyo sababu twaona kwamba adabu ya ukumbi si tawi la urafiki hata kidogo. Ni namna ya kumpa mtu nafasi yake bila kumtaka kwanza akupendeze.

Sheria ilipokwisha kufungua milango, yalibaki mambo ambayo hakuna mahakama inayoweza kuyafuata. Moshi wa sigara ulichukua miaka mingi: Marekani ilikataza uvutaji katika safari fupi za ndani mwaka 1988, na karibu katika safari zote za ndani mwaka 1990. Kelele ni ngumu zaidi. Kiwanja cha San Francisco kilianza mwaka 2018 mpango wa kupunguza matangazo ya vipaza sauti ili watu wapumzike. Ni jambo jema, ijapokuwa twashuku kwamba ukimya uliopatikana hivyo mara nyingine hujazwa na abiria anayetazama mpira katika simu yake bila visikizi. Na mkoba uliolazwa juu ya kiti hausemi lolote, lakini anayepita na kuutazama hulielewa jibu lake.

Katika nchi zetu hizi, ambako wanafunzi wengi hujifunza Kiswahili darasani kabla ya kukisikia barazani, mazungumzo ya kiwanja cha ndege vitabuni huishia kaunta: tiketi, pasipoti, uzito wa mizigo. Tungependa yaendelee mpaka ukumbini. Mwanafunzi ajue kuuliza, "Samahani, hapa pana mtu?" Aone kwamba Kiswahili kinauliza habari za mtu, si za kiti. Ajue kujibu, "Hapana mtu, karibu," huku akiuondoa mkoba wake kabla hajaombwa, na kusema, "Pana mtu, amekwenda msalani," ikiwa ni kweli. Mzee akifika na viti vimejaa, ajue kuinuka kwanza, ndipo aseme, "Shikamoo, mzee, karibu ukae." Mwalimu anaweza kupanga viti vya darasa safu mbili na kulifanya zoezi hilo kwa robo saa. Vitatosha viti kumi na vitano kwa wanafunzi ishirini.