Banjo Ilipofika, Mzee Zawose Alishaondoka

Wakuu, leo tuache siasa kidogo tuongee muziki.

Mwaka 2005 Mmarekani mmoja, Béla Fleck, alibeba banjo yake akaja Afrika. Alipita Uganda, Tanzania, Gambia na Mali. Hoja yake ilikuwa moja tu: banjo, ambayo wengi kwao hudhani ni mali ya wazungu wa vijijini, asili yake ni huku. Watumwa, wengi wao wa Afrika Magharibi, walivushwa bahari mikono mitupu, lakini walijua kuwamba ngozi kwenye kibuyu, kuchomeka mti na kufunga nyuzi. Hapo ndipo banjo ilipozaliwa. Blues nayo ilitoka kwa wajukuu wa watu hao hao.

Albamu ya safari hiyo ilitoka 2009, ikapata Grammy 2010. Inaitwa Throw Down Your Heart, yaani Bwaga Moyo, wakimaanisha Bagamoyo. Wapo wanaosema jina hilo ni kilio cha mtumwa alipoiona bahari. Wengine wanasema ni faraja ya mpagazi aliyetua mzigo. Vyovyote iwavyo, misafara mingi ilikatiza hapa Ugogo, ikitoa hongo kwa watemi ili ipate maji.

Ndani yumo Anania Ngoliga, fundi wa marimba asiyeona, na wimbo uitwao Dunia Haina Wema. Mzee wa blues kule Mississippi angelielewa jina hilo bila mkalimani. Limo pia kundi la Chibite, familia ya Hukwe Zawose.

Mzee mwenyewe Fleck hakumkuta. Zawose, mzaliwa wa Doduma hapa Dodoma, aliitwa Dar es Salaam na Mwalimu Nyerere miaka ya 1960, baadaye akafundisha sanaa Bagamoyo. Alifariki Desemba 30, 2003. Tafuteni albamu ya Chibite ya 1996, aliyorekodi na Charles Zawose. Humo mna zeze, marimba na sauti. Hakuna kinanda wala gitaa la umeme, na hutaona kilichopungua.

Sasa nakiri kosa langu. Kazini hapa Dodoma nimeona vikundi vya Wagogo kwenye sherehe nyingi mno. Ngoma ikianza, sisi waandishi tunafunga daftari na kumsubiri mgeni rasmi. Hotuba nilizoziandika sikumbuki hata moja. Mmarekani alivuka bahari ili asikilize. Mimi nilikuwa nimeketi hatua kumi tu kutoka kwenye zeze, nachezea simu.

Mwaka 2024 Pendo na Leah Zawose, binti na mjukuu wa mzee, walitoa albamu ya Maisha kwa jina la The Zawose Queens. Mzee wao tulimchelewa. Hawa tusisubiri hadi mgeni aje kutuonyesha.

Nawasilisha.